Tuanze na Aliyefunga Mlango

Bweni likiteketea nchini Kenya, lawama hupata pa kutua kabla majivu hayajapoa. Waziri hufika na msafara wake, hutoa pole, kisha huwataja wachochezi. Mbunge wa eneo hilo hudai kiboko kirudishwe shuleni. Mzee wa kijiji huapa kwamba watoto wa siku hizi wameharibiwa na simu na bangi, na mhubiri naye hamsahau shetani. Ikifika jioni, vijana kadhaa wameshapakiwa kwenye gari la polisi, na wanakijiji waliokimbilia shule usiku wa manane na ndoo za maji hurudi makwao wakiamini kazi imefanyika. Mshukiwa amepatikana.

Hadithi hiyo siikubali. Anayemwaga petroli bwenini ametenda jinai, na mahakama zipo kwa ajili yake. Ila taifa zima limezoea kuuliza swali moja tu, nani aliwasha, na likishajibiwa faili hufungwa. Swali la pili halina mwenyewe: waliokuwa ndani walishindwaje kutoka? Ukilifuatilia swali hilo la pili utagundua kwamba tunayemwita mshukiwa mkuu, mara nyingi, ndiye mdogo kati ya washukiwa wote.

Turudi Kyanguli, Machakos, usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001. Wavulana 67 waliangamia ndani ya bweni moja. Petroli ilimwagwa, ndiyo. Wanafunzi wawili walishtakiwa kwa mauaji, ndiyo. Mtu yeyote aliyekuwa na umri wa kufuata habari wakati ule anaweza kukutajia sababu zilizozungumzwa: matokeo ya mtihani wa KCSE yaliyofutwa, karo, chuki dhidi ya wakubwa wa shule. Wachache mno watakukumbusha kwamba mlango mmoja wa bweni lile ulikuwa umetiwa kufuli na kwamba madirisha yake yalikuwa na vyuma. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mhalifu awe yule yule, petroli iwe ile ile, saa iwe ile ile ya usiku, lakini milango yote ifunguke kwa kusukumwa na madirisha yapitike. Wangekufa wangapi? Sisemi asingekufa hata mmoja. Nasema wasingekuwa 67.

Watetezi wa hoja ya nidhamu watanijibu kwamba bila petroli kufuli lisingemuua mtu. Vema. Basi watueleze kuhusu Idodi, mkoani Iringa, Agosti 2009, ambako wasichana 12 waliteketea na chanzo kilichotajwa kilikuwa mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea usiku. Hapo hapakuwa na mchochezi, bangi wala mgomo. Palikuwa na bidii, ile ile tunayoisifia kwenye hotuba za siku ya wazazi. Watueleze pia kuhusu Buddo, Uganda, Aprili 2008, ambako karibu wasichana 20 wa shule ya msingi walifia ndani ya bweni lililofungwa. Tena wasidhani ni ugonjwa wa Afrika Mashariki peke yake. Huko Mahdia, Guyana, Mei 2023, watoto 20 walikufa katika bweni lenye madirisha ya vyuma na milango iliyofungwa na mlezi wao usiku. Aliyetuhumiwa kuwasha moto alikuwa msichana aliyenyang'anywa simu. Mkono wa kwanza hubadilika: mara ni hasira, mara ni mshumaa, mara ni waya wa umeme uliochakaa. Wa pili, ule ulioshika ufunguo, ni ule ule kila mahali.

Na anayedhani kwamba kukizuka moto kuna muda wa kwenda kumwamsha mwenye funguo hajawahi kuona godoro la sponji likiungua. Sponji hiyo hutengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Ikishika moto huyeyuka na kudondosha matone yanayowaka, kwa hiyo godoro la kitanda cha juu humwagikia la chini. Moshi wake mweusi hubeba kaboni monoksaidi na sianidi, gesi mbili zinazomlegeza mtu baada ya pumzi chache, kiasi kwamba wengi hupoteza fahamu moto ukiwa bado upande wa pili wa chumba. Chumba kilichojaa vitu vya namna hiyo huweza kulipuka chote kwa pamoja ndani ya dakika chache.

Ingia basi, kwa mawazo, katika bweni la kawaida la shule ya kutwa iliyogeuzwa ya malazi kwa sababu wanafunzi wamekuwa wengi. Vitanda ni vya ghorofa mbili, pengine tatu, vimesongamana hata mtoto hupita katikati yake kwa upande. Masanduku ya chuma yamepangwa kwenye njia kwa kuwa hayana pengine pa kukaa. Sare zilizofuliwa Jumamosi zimeanikwa kwenye vyuma vya vitanda. Taa zimezimwa tangu saa nne. Mlango wa mbele unafunguka kwa ndani, na wa nyuma ulizibwa kwa kitanda muhula uliopita walipoletwa wageni wa kidato cha kwanza. Mlezi wa bweni analala kwenye nyumba yake ng'ambo ya uwanja, funguo ziko chini ya mto. Sasa mtoto wa miaka kumi na minne anaamshwa na kelele gizani, macho yanamwasha kwa moshi, wenzake mia moja wanasukumana kuelekea mlango ambao, kadiri wanavyousukuma, ndivyo unavyokataa. Uniambie ni viboko vingapi vingemsaidia.

Sheria za kumwokoa ziliandikwa zamani. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, na ukiusoma utadhani uliandikwa na mtu aliyetoka Kyanguli jana yake. Kati ya kitanda na kitanda ziachwe mita 1.2. Njia ya kupita iwe na mita 2. Pawe na mlango kila upande wa bweni, na mwingine wa dharura katikati, yote ifunguke kwa nje. Madirisha yasiwe na vyuma. Vizima moto viwekwe karibu na milango. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Fundi wa kuchomelea wa sokoni, mwenye msumeno na mashine yake ya kukodi, anaweza kuondoa vyuma vya dirisha moja kabla chai ya saa nne haijaiva.

Miaka 16 baada ya mwongozo huo, usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, ilikuja zamu ya Endarasha, Nyeri. Wavulana 21 wa shule ya msingi waliangamia katika bweni walimolala watoto zaidi ya 150. Kumbuka pia kwamba Novemba 2022 wizara yenyewe ilikuwa imetangaza kwamba malazi ya watoto wa madarasa ya chini yataondolewa. Yalitangazwa, yakashangiliwa, yakapingwa na wenye shule, yakasahaulika. Baada ya mazishi ndipo wakaguzi walipotumwa huku na huku, na kabla mwaka haujaisha serikali ikaamuru sehemu za malazi zifungwe katika zaidi ya shule 300 za msingi kwa kukosa usalama. Nilipoisikia habari hiyo sikujua nipongeze au nilie. Shule zaidi ya 300! Zilikuwa na hatari ile ile mwezi uliotangulia, mwaka uliotangulia, na siku ambayo afisa fulani aliingia bwenini, akatazama huku na huku, akaweka sahihi, akapewa chai akaondoka.

Sasa nije kwenye kiboko, maana ndicho kipenzi cha mazungumzo ya matatu na barazani. Hoja yenyewe hudai kwamba mwaka 2001 serikali ilipopiga marufuku adhabu ya viboko shuleni, adabu ilikimbia na moto ukaja. Kasoro ya hoja hii ni kalenda. Bombolulu, ambako wasichana wasiopungua 25 walikufa, ilikuwa Machi 1998, kiboko kikiwa halali. Shule ya Upili ya Nyeri, ambako viranja wanne walimwagiwa petroli chumbani mwao wakachomwa, ilikuwa 1999, kiboko kikiwa halali. Hata Kyanguli iliteketea mwaka ule ule wa marufuku, mikononi mwa vijana waliochapwa tangu darasa la kwanza. Shauritanga kule Rombo, Tanzania, iliyopoteza wasichana zaidi ya 40 mwaka 1994, ilikuwa katika nchi ambayo kiboko hakijawahi kuondolewa kisheria. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, wanafunzi wa Maseno waligoma mwaka 1908, enzi ambazo hakuna aliyewalaumu wazazi kwa kuwadekeza watoto wala simu kwa kuwapotosha.

Tena tusidanganyane. Kiboko hakijawahi kutoka shuleni. Kilihama kutoka kwenye sheria kikaingia nyuma ya mlango wa ofisi, na kila mzazi mwenye mtoto shuleni analijua hilo. Anayetaka kirudishwe anataka kurudisha kitu kilichopo.

Baada ya kiboko huja wachochezi. Muhula wa pili wa mwaka 2016 zaidi ya shule 100 zilichomwa. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba magenge ya wizi wa mitihani yalikuwa yakilipiza kisasi, kwa kuwa Waziri Fred Matiang'i alikuwa ameyabana. Huenda wapo waliolipiza. Lakini wanafunzi wenyewe walikuwa wakilalamikia mambo yaliyo wazi kabisa: ratiba ya mihula iliyobadilishwa ghafla, likizo iliyopunguzwa, na amri ya kupiga marufuku siku za kutembelewa na za maombi katika muhula wa tatu. Tazama pia majira. Miaka nenda miaka rudi mioto hii hujazana muhula wa pili, muhula mrefu wenye baridi, mtihani wa majaribio ukikaribia na hela za matumizi zimekwisha. Genge la wachochezi lenye kufuata kalenda ya wizara kwa uaminifu namna hiyo ni genge la ajabu.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa neno "wauaji" hulipita upesi. Mabweni mengi yaliyochomwa mwaka ule yaliungua yakiwa matupu, wanafunzi wakiwa kwenye masomo ya jioni au chakula cha usiku. Mchomaji alisubiri watu watoke. Elizabeth Cooper, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser nchini Kanada, aliandika mwaka 2014 katika jarida la African Affairs kwamba wanafunzi wa Kenya huchoma shule kama namna ya siasa. Wameona kwamba barua haijibiwi, kwamba mgomo wa kukaa kimya hupuuzwa, na kwamba moto humleta mkuu wa elimu siku hiyo hiyo. Mtu anaweza kukasirika akisoma hivyo, na mimi sifurahii. Ila nauliza walilisomea wapi somo hilo. Wazazi wao huchoma matairi barabarani ndipo shimo likajazwa. Wapiga kura huchoma matairi ndipo mbunge akashuka kwenye gari. Mtoto wa kidato cha tatu anaijua nchi yake.

Hapa ndipo mpinzani wangu aliye makini, na yupo, atanikamata mkono. Atasema: usitumie mabweni matupu kuwaficha walioua kwa makusudi. Nyeri 1999 hapakuwa na bweni tupu, walilengwa watu. Anasema kweli, na hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Lile lilikuwa tendo la mauaji, na hakuna upana wa dirisha unaoweza kulisafisha. Pia Moi Girls, Nairobi, Septemba 2017, wasichana 10 walikufa na mwanafunzi mwenzao akapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia. Haki ilifuata mkondo wake, na ifuate tena kila inapobidi. Lakini angalia tulivyoutumia ukweli huo. Tumechukua yale matendo machache yenye kulenga roho ya mtu, tukayafanya mfano wa yote, halafu tukajivua wajibu kwa wale wengine wote ambao kama si kufuli wangetoka wakikohoa na kulia, lakini wakiwa hai. Kumshtaki mchomaji hakumzuii mtu kukata vyuma vya dirisha. Mambo haya mawili yanaweza kufanyika asubuhi moja.

Halafu kuna wakuu wa shule, ambao siwalaumu wote kwa pamoja kwa sababu najua wanavyosumbuliwa. Watakwambia vyuma vimewekwa kwa ajili ya wezi, na kufuli kwa ajili ya wavulana wanaoruka ua kwenda disko matanga. Mkuu akiondoa vyuma leo, kesho magodoro yakaibwa, bodi itamwita. Akikosekana msichana mmoja usiku, wazazi watavamia ofisi. Ndiyo, hofu hizo ni za kweli. Lakini tazama tulivyozipima: godoro likiibwa, mkuu hupoteza kazi, mlango ukiua, mkuu huhamishwa shule nyingine. Ukimwekea mtu mizani ya namna hiyo, atafunga mlango kila usiku, na atalala vizuri. Dirisha lenye chuma kinachofunguka kwa komeo la ndani lipo. Mlinzi wa usiku anayekesha mlangoni, badala ya kufuli linalokesha peke yake, yupo, anahitaji tu mshahara. Tunachokosa ni mtu wa kuulizwa.

Fedha? Nazo hutajwa. Tangu 2018 sera ikawa kila anayemaliza shule ya msingi aingie ya upili, na serikali ikaahidi shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Nia njema, nami niliiunga mkono. Watoto waliingia kwa wingi. Mabweni hayakuongezeka kwa wingi huo, na fedha nazo zimekuwa zikichelewa. Bwalo likageuzwa bweni, maabara ikageuzwa bweni, vitanda vikapandishwa ghorofa. Aliyeamua hivyo hakuwa mvuta bangi wa kidato cha pili. Pia huduma ya zima moto ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Waulize wakazi wa kijiji chochote kilicho mbali na makao makuu ya kaunti gari la zima moto hufika saa ngapi. Wao ndio zima moto, kwa ndoo, kwa mchanga na kwa matawi ya miti, wakipasua ukuta kwa majembe kwa kuwa mlango haufunguki.

Na baada ya moto, tunafanya nini? Tunawatoza wote. Kila mwanafunzi akirudi huja na mzazi na maelfu ya shilingi za fidia ya uharibifu, aliyechoma na aliyekuwa akisali, aliyepanga na aliyeungua mkono akimtoa mwenzake. Nimewasikia akina mama wakisema waliuza mbuzi kulipia paa la bweni ambalo mtoto wao aliponea chupuchupu ndani yake. Kutoza huku huitwa funzo. Kwa hakika ni bima ya bei nafuu kwa usimamizi: paa jipya linapatikana, hakuna anayeeleza kwa nini la zamani lilikuwa mtego, na bweni linajengwa upya kwa ramani ile ile, vyuma vile vile.

Kamati zimeundwa hadi kabati limejaa. Ya Sagini mwaka 1991 baada ya msiba wa shule ya St Kizito, ya Wangai mwaka 2001, ya Koech bungeni mwaka 2008, ya Omolo mwaka 2016. Atakayezisoma zote mfululizo atachoka, kwa kuwa zinafanana: msongamano, usimamizi usiosikiliza, ushauri nasaha wa jina tu, viwango visivyofuatwa. Hakuna kamati ya tano itakayotufundisha jambo jipya. Naomba tu polisi, wakifika kwenye bweni linalofuka moshi, wafanye uchunguzi wa pande mbili. Upande wa mwanafunzi aliyewasha kuna kazi ngumu: mashahidi waoga, ujumbe wa simu uliofutwa, watoto wanaolindana. Upande wa pili ni rahisi mno. Kila shule ya malazi ilisajiliwa. Kila bweni lilipasishwa na mtu mwenye cheo, mshahara na ofisi, na fomu aliyoitia sahihi iko kwenye faili katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, tarehe yake juu, jina lake chini. Mbwa wa kunusa hahitajiki.